Je, imani iliyoanzia matangani ni imani ya kweli?

SWALI: Bwana asifiwe, Mchungaji. Naishi Umoja, nina miaka 31. Mwezi wa kumi mwaka jana kitinda mimba wetu aligongwa na matatu kwenye barabara ya Outering akienda kazini alfajiri. Tulimzika nyumbani, Kakamega. Mimi kanisa niliacha tangu nikiwa chuoni, lakini tangu mazishi najikuta nikisoma Biblia yake usiku, na nataka sana kuamini kwamba nitamwona tena. Kinachonisumbua ni hiki: si naamini kwa sababu tu naumia? Halafu nina hasira. Pale matangani kila aliyepewa maikrofoni alisema "kazi ya Mungu haina makosa", na wazee wa jumuiya wakanikanya nisilie kama watu wasio na tumaini. Sasa Pasaka imekaribia. Mama, ambaye ni Mkatoliki, anataka tuende naye mkesha. Pia anataka tujenge kaburi baada ya Pasaka, na maneno ya kuandikwa ameshachagua: hayo hayo ya kazi ya Mungu. Nifanyeje?

JIBU: Dada yangu, pole sana kwa kumpoteza mdogo wako. Umeuliza mambo kadhaa kwa mpigo, nami nitayachukua kwa mpangilio wangu, maana moja lina uzito kuliko mengine, na ndilo ninaloulizwa mara nyingi zaidi katika kazi yangu ya ukasisi wa hospitali hapa Nairobi. Wengine huliuliza kwa kejeli, wengine kwa aibu. Wewe umeuliza waziwazi: mtu akiamini kwa sababu anaumia, si amejidanganya?

Kutaka jambo hakulifanyi liwe kweli. Hilo unalijua kuliko walio wengi. Lakini kutaka jambo hakulifanyi liwe uongo pia, na hapa ndipo wasomi wengi huteleza. Mama anayemngoja binti yake arudi kutoka Saudia anatamani arudi kuliko anavyotamani chakula. Hamu yake haiileti ndege, wala haiizuii kutua. Ukitaka kujua kama binti amefika, humpimi mama huyo moyo. Unaenda uwanja wa ndege kuuliza. Basi acha kuupima moyo wako usiku kucha. Unaumia, ndiyo. Unatamani, ndiyo. Kilichobaki ni kuuliza kama kuna habari yoyote iliyotufikia, na ni akina nani walioileta.

Habari ya zamani zaidi tuliyo nayo kwa maandishi iko katika barua za Paulo. Aliwaandikia Wakorintho yapata mwaka 55, yaani kati ya miaka 20 na 25 tu baada ya Yesu kusulubiwa, na katika sura ya 15 anawakumbusha jambo ambalo yeye mwenyewe alilipokea kwa waliomtangulia: kwamba Kristo alikufa, akazikwa, akafufuka siku ya tatu, akamtokea Kefa (yaani Petro), kisha wale Thenashara, kisha ndugu zaidi ya 500 kwa pamoja. Anaongeza kwamba wengi wa hao wangali hai, ila baadhi yao wamelala. Mimi huwa nasimama hapo kwenye "baadhi yao wamelala". Mtu anayetunga hadithi ya kukifuta kifo hawezi kukiri, katikati ya kutaja mashahidi, kwamba mashahidi wenyewe wameanza kufa. Paulo hafichi makaburi.

Katika orodha hiyo yumo mtu ambaye ningependa umtazame kwa sababu yako wewe. Ni Yakobo, ndugu yake Yesu. (Mama atakwambia kwamba ndugu hapo ni wa ukoo, si wa tumbo moja. Mjadala huo una karne nyingi na hautatusaidia leo.) Injili ya Yohana inasema wazi kwamba ndugu zake hawakumwamini alipokuwa hai. Marko anasimulia kwamba jamaa zake waliwahi kutoka kwenda kumkamata, wakisema amerukwa na akili. Kisha ndugu huyo akauawa hadharani, kifo cha aibu, kifo cha mhalifu. Kwa kawaida familia ya namna hiyo hunyamaza na kuhama mtaa. Badala yake tunamkuta Yakobo akiliongoza kanisa la Yerusalemu, na Yosefo, mwanahistoria Myahudi ambaye hakuwa Mkristo, anaandika kwamba Yakobo huyo alipigwa mawe mjini humo humo. Hiyo ilikuwa yapata mwaka 62. Ni nini kilichombadilisha mtu aliyefiwa na ndugu yake bila kumwamini? Paulo ana jibu fupi tu: alimtokea.

Paulo mwenyewe hakuwa na msiba. Hakumlilia Yesu wala hakutamani kumwona. Alikuwa akiwafunga waliomwamini. Kwa hiyo ile hoja kwamba ufufuo ulibuniwa na watu waliozidiwa na majonzi inafika kwa Paulo na kukwama.

Na hao waliokuwa na majonzi, angalia walivyokwenda kaburini. Nenda mochari yoyote hapa mjini asubuhi ya siku ya kuchukua mwili. Utawaona akina mama wamebeba begi lenye suti iliyopigwa pasi, soksi mpya ambazo bado zina kibandiko cha bei, chupa ya mafuta, shuka nyeupe. Wanazungumza kwa sauti ya chini kuhusu vitu vidogo: nani ana wembe, nani alikumbuka tai. Nimesimama nao mara nyingi, na hakuna hata mmoja anayetarajia kumkuta mtu wake ameketi. Wanawake watatu wa Marko sura ya 16 walikuwa watu wa namna hiyo. Walikuwa wamenunua manukato ili wampake maiti. Njiani walikuwa wakiulizana ni nani atakayewavingirishia lile jiwe, swali la watu wenye kazi ya kufanya, si la watu wenye ndoto. Walipowapelekea mitume habari, Luka anasema maneno yao "yakaonekana kwao kuwa kama upuzi". Mathayo anakwenda mbali zaidi: anakiri kwamba hata walipomwona mlimani kule Galilaya na kumsujudia, baadhi yao waliona shaka. Kanisa lingeweza kuufuta mstari huo. Halikuufuta.

Sikwambii kwamba haya yamefunga mjadala. Mwanahistoria makini anaweza kukubali kwamba watu hawa waliamini kwa moyo wote, halafu akasimama hapo na kukataa kusema ni nini kilichowafanya waamini. Hatua inayofuata ni ya imani, na hakuna wa kukupigia. Ninachokwambia ni kwamba kuanzia kwako matangani hakukufanyi kuwa muumini wa daraja la pili. Mariamu Magdalene alikuwa akilia nje ya kaburi, machozi yamemziba macho kiasi cha kudhani anayesema naye ni mtunza bustani, na ndiye aliyetumwa kwanza kuwapasha wengine. Wale wawili wa njia ya Emau walikuwa wakitembea wakisimuliana walivyokuwa wametumaini, kwa wakati uliopita. Imani ya ufufuo haina mlango mwingine wa zamani kuliko huo uliopitia wewe.

Kipo kipimo kimoja, ukikitaka. Je, imani hiyo unayoihisi usiku inakuruhusu kusema kwamba mdogo wako amekufa? Amekufa, si "ametuacha", si "amesafiri". Kama inakuruhusu, endelea nayo. Kama inakutaka ujifanye hajafa, hiyo ni dawa ya usingizi, na ina kikomo chake.

Sasa hasira yako. Wazee wa jumuiya walikunukulia nusu ya mstari. Paulo, katika barua ya kwanza kwa Wathesalonike, iliyoandikwa yapata mwaka 50, aliwaambia watu waliokuwa wamefiwa na wenzao kabla Bwana hajarudi "msije mkahuzunika kama na wengine wasio na matumaini". Hakusema msihuzunike. Alidhani watahuzunika, akawaambia wahuzunike kwa namna gani. Mtu anayemkanya mfiwa asilie kwa kutumia mstari huu anaweza kuwa anajikinga mwenyewe, kwa sababu kilio cha mwenzio kinachosha na kinatisha, na maikrofoni ni ngao nzuri.

Soma Yohana 11. Umeshaisoma, najua, lakini isome tena kama dada aliyefiwa na kaka. Sura hiyo ina mengi ya kukuambia kuliko sura nyingine yoyote katika Biblia. Dada wawili wa Bethania wanatuma ujumbe kwamba ndugu yao, Lazaro, ni mgonjwa. Yesu anakawia siku mbili kwa makusudi. Anapofika, Lazaro ana siku nne kaburini na nyumba imejaa wafariji kutoka Yerusalemu, ambako ni mwendo usiofika saa moja kwa miguu. Ni matanga hasa, yenye watu wanaoingia na kutoka. Martha anatoka kumlaki njiani, na neno lake la kwanza ni lawama: "Bwana, kama ungalikuwapo hapa, ndugu yangu hangalikufa." Baadaye Mariamu naye anakuja na maneno yale yale, neno kwa neno, na ukiwa umewahi kukaa matangani unajua kwa nini. Dada hawa wamekuwa wakiambiana hivyo kwa siku nne, jikoni, usiku, kila wafariji walipoondoka.

Yesu hakumkemea hata mmoja. Hakusema kazi ya Mungu haina makosa. Hakusema Mungu alimhitaji Lazaro mbinguni, au kwamba amechuma ua lililo zuri. Alimpa Martha neno zito, "Mimi ndimi huo ufufuo, na uzima," akamwuliza kama analisadiki. Na jibu la Martha lina jambo ambalo wahubiri wengi hulipita mbio. Hakusema "ndiyo, nasadiki kwamba ndugu yangu atatoka sasa hivi". Alisema anasadiki kwamba yeye ndiye Kristo, Mwana wa Mungu. Aliulizwa kuhusu jambo, akajibu kuhusu mtu. Dakika chache baadaye, jiwe lilipotaka kuondolewa, ni Martha huyu huyu aliyezuia: "Bwana, ananuka sasa, maana amekuwa maiti siku nne." Ukiri mkubwa na wasiwasi wa harufu, kwa mtu yule yule, siku ile ile. Kwa hiyo usijishangae ukiamini saa nne usiku na kutoamini saa kumi alfajiri.

Kisha Yesu akalia machozi. Alijua anachokwenda kufanya. Alijua kwamba muda si mrefu Lazaro atakuwa amesimama mlangoni mwa kaburi. Na bado alilia. Kama machozi yangekuwa upungufu wa imani, basi yeye ndiye angekuwa na upungufu kuliko wote pale.

Yapo na mengine ya kujibu wale wa maikrofoni. Kitabu cha Ayubu kinasema rafiki zake watatu walipofika waliketi naye chini siku 7 bila kusema neno, kwa sababu waliona uchungu wake ni mkuu. Wangaliondoka siku ya nane tungewasifu mpaka leo. Walifungua vinywa, wakamtetea Mungu kwa sura nyingi, na mwisho wa kitabu Mungu anawaambia kwamba hawakusema yaliyo sawa kumhusu yeye, kama Ayubu alivyosema. Ayubu, aliyekuwa amelalamika, akafoka, akadai kesi! Paulo naye anakiita kifo adui: "Adui wa mwisho atakayebatilishwa ni mauti." Adui wa Mungu huwezi kumwita kazi ya Mungu.

Nitasema jambo hili bila kuzungusha. Kazi ya Mungu haina makosa, sawa. Kazi ya dereva inayo. Matatu inayompitia mtu aendaye kazini alfajiri si fumbo la mbinguni. Ina namba ya usajili, na Kenya ina Sheria ya Trafiki, Sura ya 403, ambayo kifungu chake cha 46 kinahusu kusababisha kifo kwa kuendesha gari kwa njia ya hatari. Hukuniambia kama kuna kesi. Kama ipo na faili limelala kituoni, kulifuatilia si kukosa imani wala si kukataa mapenzi ya Mungu. Nimeona familia zikiachilia haki kwa sababu mchungaji aliwaambia wasamehe kabla hata taarifa hazijaandikwa.

Tabia hii ya kukiita kifo mpango ni ya zamani kwetu. Mmisionari Johann Ludwig Krapf alipofika Mombasa mwaka 1844 na mke wake Rosina, haikupita miezi mingi. Mwezi wa saba Rosina akajifungua mtoto wa kike, akashikwa na homa, akafa, na mtoto akamfuata siku chache baadaye, huku Krapf mwenyewe akiwa hoi kwa homa hiyo hiyo. Walizikwa bara, ng'ambo ya kisiwa. Krapf aliandikia chama chake kwamba kaburi lile ni alama ya vita vilivyoanza, na mwaka ule ule alikuwa ameshaanza kutafsiri Mwanzo kwa Kiswahili. Namheshimu kwa kutokimbia. Lakini sipendi kisa hicho kinavyohubiriwa, kana kwamba mama na mtoto walikuwa nauli ya Injili kuja Afrika Mashariki. Rosina alikuwa mtu. Mdogo wako alikuwa mtu. Hakuuawa ili wewe urudi kanisani. Yeyote atakayekwambia hivyo, na wapo watakaokwambia ukianza kuonekana ibadani, mwambie hapana. Mungu anaweza kukutafuta katikati ya ubaya bila kuwa ameupanga ubaya huo kwa ajili yako.

Umesema unataka kumwona tena. Hapa inafaa uelewe Ukristo unaahidi nini hasa, maana matangani huahidiwa mambo mengi. Lazaro alirudi kwenye maisha haya haya, na ilibidi aje kufa tena. Alitoka kaburini amefungwa sanda mikono na miguu, uso umefunikwa leso, ikabidi wengine wamfungue. Yohana anaposimulia kaburi la Yesu sura tisa mbele, anataja tena vitambaa hivyo, ila safari hii vimelala kaburini na leso imekunjwa mahali pake peke yake. Mwenyewe hayumo. Huyu hakurudi alikotoka. Alipita akaenda mbele. Tumaini letu ni la namna hiyo ya pili.

Na ni tumaini la mwili. Watu wengi waliolelewa kanisani hudhani tumaini ni roho kupaa na kuelea mawinguni, ndiyo maana hawaoni faida ya kaburi kutunzwa wala mwili kuoshwa kwa heshima. Yesu aliyefufuka alikula kipande cha samaki wa kuokwa mbele yao. Aliwasha moto wa makaa ufuoni akawaandalia kifungua kinywa. Alikuwa na makovu, na ni makovu aliyomwonyesha Tomaso, si uso uliong'aa. Kilichompata msalabani hakikufutwa, ila hakikuwa tena na uwezo wa kumuua. Sasa mfikirie mdogo wako, na kile ambacho barabara ile iliufanya mwili wake, ambacho nadhani ni wewe uliyekwenda kuutambua. Imani hii haikuombi usahau ulichokiona.

Kama anakuona sasa hivi, kama anasikia, makanisa hayasemi lugha moja. Mama yako ataomba misa kwa ajili yake, hasa tarehe 2 Novemba. Jirani yako Msabato atakwambia amelala hajui neno mpaka parapanda. Sisi Waanglikana tuko katikati na tunabishana wenyewe kwa wenyewe. Sote tunakutana kwenye ufufuo wa wafu, na mimi naona hapo panatosha. Anayedai amepokea ujumbe kutoka kwake, na hasa akikutajia namba ya M-Pesa ya kupanda mbegu ili ujumbe uendelee, mkimbie.

Jambo moja zaidi kuhusu kumwona tena. Marehemu Profesa John Mbiti, mwana wa Kitui aliyekuwa kasisi wa Kianglikana na mwanateolojia, alieleza kwamba kwa wazee wetu aliyekufa hahesabiwi ameondoka kabisa maadamu wapo walio hai wanaomkumbuka kwa jina. Akifa wa mwisho aliyemjua, ndipo anapozama miongoni mwa wasio na jina. Jiji letu linalijua jambo hili. Pale makutano ya Moi Avenue na Haile Selassie, ulipokuwa ubalozi wa Marekani, upo ukuta wa majina ya waliouawa tarehe 7 Agosti 1998, watu 213 hapa Nairobi, na kila mwaka wapo wanaokuja kusimama mbele ya jina moja tu kati ya hayo yote. Lakini nasi tutakufa, wewe na Mama na kila anayejua kicheko cha yule kijana. Ndipo Ukristo unapodai kitu ambacho kumbukumbu peke yake haiwezi kukitoa: kwamba yuko aliyemjua kwa jina na ambaye hafi tena. Lazaro aliitwa kwa jina atoke nje. Mariamu pale bustanini hakumtambua Yesu kwa uso. Alimtambua alipoitwa "Mariamu". Kwa hiyo mtaje mdogo wako. Nyumbani mtaje, mezani mtaje, katika sala mtaje kwa jina lake la nyumbani, hata kama sala yenyewe ni ya kulalamika. Kunyamazia jina lake ili Mama asilie hakumsaidii Mama.

Mkesha, nenda. Mimi si Mkatoliki, lakini ibada hiyo ya Jumamosi usiku naiheshimu kuliko nyingi tulizo nazo, na mfiwa anaiweza kuliko ibada ya Jumapili asubuhi yenye ngoma na mavazi mapya. Haianzi kwa shangwe. Taa zote zinazimwa, watu wanasimama nje penye moto, padre anachora kwenye mshumaa mkubwa msalaba, Alfa na Omega na tarakimu za mwaka huu, na mara nyingi anachomeka humo punje tano za ubani kwa ajili ya majeraha matano. Mwaka huu, ndio mwaka ambao wewe unauanza bila yeye, na umeandikwa pale. Kisha mshumaa unaingia kwenye kanisa lenye giza na watu wanawashiana moto mmoja mmoja. Masomo ni mengi na marefu. Utachoka, na ni sawa. Utafika wakati ambapo watu wote wataulizwa kama wanasadiki, na wataitikia "Nasadiki". Hulazimiki kuitikia. Kama kuna sehemu unaiweza, itikia hiyo. Nyingine waachie walio karibu nawe wakusemee. Ukitaka neno la kwako, chukua la yule baba wa Marko 9 aliyekuwa na mtoto mgonjwa: "Naamini, nisaidie kutokuamini kwangu." Yesu hakumrudisha nyumbani akaijaze imani yake kwanza. Kaeni karibu na mlango ili ukizidiwa utoke bila kupita mbele ya watu, na mpange mapema mtakavyorudi, maana ibada hiyo huisha usiku na wiki ya Pasaka magari hupandisha nauli watakavyo.

Hukusema unalala vipi. Kusoma Biblia usiku ni jambo jema, lakini kama unaisoma kwa sababu usingizi haukuji tangu mwezi wa kumi, au ukijikuta unafikiri afadhali nawe umfuate, usiningoje mimi niandike tena. Mwambie mtu leo, mwone daktari, au tafuta Befrienders Kenya, ambao kazi yao ni kusikiliza watu wenye mawazo hayo. Sala na daktari havigombani.

Mwisho ni kaburi. Usipigane na Mama. Wewe ulisikia maneno yale kutoka kwa watu waliokuwa wakitaka kumaliza hotuba. Yeye huenda anayasema kwa maana nyingine kabisa: kwamba mwanawe hajapotea mikononi mwa Mungu, na kwamba hataki kuishi miaka iliyobaki akimshuku Mungu aliyemwomba maisha yake yote. Muulize, kabla ya kumpinga. Jikoni, si mbele ya wajomba. "Mama, ukisema hivyo unamaanisha nini?" Unaweza kushangazwa na jibu. Kisha mwambie wewe maneno yale yanakuchoma wapi, na mpendekezee mstari ambao anaujua kwa moyo kuliko wewe, ule wa mwishoni mwa Nasadiki anayoisali kila Jumapili: "Nangojea na ufufuko wa wafu." Haumlaumu mtu, hauelezi kwa nini alikufa, na kila anayesimama pale anaweza kuusoma, hata wewe ambaye bado unangoja tu. Akikataa, mwache aandike ya kwake upande wa kichwa, na mwombe fundi aweke huu wa kwako upande wa miguu. Simiti ina nafasi. Hakikisheni tu kwamba jina limeandikwa lote, na tarehe zote mbili, kabla haijakauka.